Mkaguzi Kwenye Msiba wa Christy Looby

Hapa Rathgarvan mtu akikukaribisha chai ukakataa, afadhali ungemtukana mama yake. Hata watu wa kodi wakija hunywa kwanza kikombe kimoja, ndipo watoe makaratasi yao. Kwa hiyo watu walipomwona Malachy Heffernan akiingia uani kwao na chupa ya chai kwapani, walijua hakuja kwa heri. Alikuwa mkaguzi wa ustawi wa mbwa wa mbio, na kanuni za kazi zilimkataza kula wala kunywa chochote cha mtu anayemkagua. Akimaliza mabanda alikaa ndani ya gari lake langoni, akamimina chai yake na kutafuna mkate aliofungiwa na mkewe, huku wenye nyumba wakimchungulia dirishani. Wakamwita Chupa. Watoto waliozaliwa baada ya yeye kuanza kazi hiyo hawakujua kama ana jina jingine.

Wala hakuwa mtu wa kuja. Alizaliwa hapa hapa, nyumba ya tatu baada ya daraja, na baba yake alipokufa angali mdogo, ni Christy Looby wa shamba la jirani aliyemchukua. Hakumchukua kwa maneno matamu. Christy hakuwa nayo. Alimpa fagio, akamwonyesha banda. Baadaye akamwonyesha jinsi ya kupapasa mguu wa mbwa kwa kidole gumba mpaka mbwa mwenyewe akuambie panapouma, na jinsi ya kumtembeza barabarani asubuhi na baridi yake, blanketi mgongoni, kabla ya Misa. Huku Tipperary nyumba isiyo na mbwa wa mbio nyuma yake huulizwa imepatwa na nini. Malachy alikulia katika harufu ya mbwa hao na hakuona ubaya wowote.

Kiwanda cha maziwa kilipofungwa akabaki hana kazi, na bodi ya mbio ilikuwa inatafuta mkaguzi, mtu anayejua mbwa. Christy ndiye aliyemsukuma.

"Chukua wewe," alimwambia. "La sivyo watatuletea bwana mdogo kutoka Dublin asiyejua kutofautisha mbwa na kondoo."

Mwaka wa kwanza kila mtu alifurahi. Waliona wamepata mtu wao, na mtu wao hujua wakati wa kufumba macho. Kisha Malachy akaenda kwa Mossie Fahy akakuta mbwa wamelalia kinyesi chao, maji yamefanya ukoko wa kijani, na mmoja amekonda hata ukimtazama unaona aibu kwa niaba ya mwenyewe. Hakufumba macho. Aliwachukua mbwa wote, na Mossie akanyang'anywa leseni.

Kwa nini watu wakamkasirikia Malachy badala ya kumkasirikia Mossie, usiniulize mimi. Walikuwa wakimsema Mossie kwa miaka kuhusu mbwa wale wale. Lakini kusemana ni jambo letu sisi kwa sisi, na kupeleka maneno ofisini ni jambo jingine. Tangu siku hiyo, Malachy akiwasha gari asubuhi simu zilianza kulia kandokando ya barabara, nyumba kwa nyumba, na kila alipofika alikuta majani mapya yametandikwa. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi hata siku ya Krismasi. Mkewe, Assumpta, aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote katika kwaya, hakufukuzwa na mtu. Walibadilisha tu siku ya mazoezi, wakasahau kumwambia.

Hakujuta kuhusu mbwa wa Mossie. Alijuta kwamba hakuna kijiji kingine alichokijua.

Aliyebaki ni Christy peke yake. Malachy alimkagua kama alivyowakagua wengine, na mabanda yake yalikuwa safi sikuzote. Ukaguzi ukiisha, Malachy alikwenda kukaa garini na chupa yake, na Christy alitoka jikoni na kikombe chake mwenyewe, akaegemea dirisha la gari, mvua inyeshe isinyeshe, wakanywa pamoja, kila mtu chai yake. Kanuni haikukataza hilo. Walizungumza kuhusu mpira wa magongo na kuhusu mbwa waliokufa zamani. Ilikuwa ndiyo saa nzuri kuliko zote katika kazi ya Malachy, na alijua hivyo.

Mwezi wa Novemba Christy akafa kitandani, moyo. Philomena, mjane wake, alimpigia Malachy simu mwenyewe.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Alitaka uwe chini ya jeneza. Wewe na Colm mbele. Aliniambia zamani."

"Nitakuja, Phil."

"Na Assumpta atuimbie kanisani. Nimeshamwambia Padri."

Malachy alikata simu akakaa kwenye ngazi kwa muda. Assumpta alipotoka jikoni kuuliza kulikoni alimkuta analia, akadhani analilia Christy tu. Alikuwa analia kwa mambo mawili kwa pamoja, na hakuona haja ya kuyatenganisha. Assumpta aliposikia habari ya kuimba alikwenda akafunga mlango wa chumba, na muda si mrefu Malachy akasikia anajaribu sauti, polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini.

Akaenda msibani mikono mitupu, chupa ameiacha nyumbani. Nyumba ilikuwa imejaa: jeneza sebuleni, wazi, Christy amevalishwa suti ya harusi na rozari mikononi, na wanawake jikoni wakikata mikate na nyama ya nguruwe bila kupumzika. Mtu akamtia Malachy kikombe mkononi. Akanywa. Akapewa cha pili, akanywa. Waliokuwa karibu walitazamana, mmoja akamsogezea keki, na pale pale kitu fulani kikalegea chumbani. Msiba kwetu ni msiba. Mtu hakagui wala hakaguliwi. Wakamuuliza habari za bega lake lililomsumbua tangu ujana. Wakamkumbusha siku Christy alipomtupa mtoni na viatu. Alicheka, nao wakacheka, na moyo wake ulimwuma kwa furaha.

Sasa, kwetu nyumba ikiwa na maiti, wenye nyumba hawagusi kazi mpaka wazike. Majirani huingia uani wakakamua, wakalisha, wakafagia, bila kuagizwa. Ng'ombe walikuwa wameshapata watu. Jioni ilipoanza kuingia mwanamke mmoja akauliza mlangoni, je, mbwa wamekula?

"Mimi msinitazame," alisema Mossie Fahy kutoka pembeni mwa moto, mdomo umejaa keki. "Mimi sina ruhusa ya kugusa mbwa wa mtu. Mwulizeni Chupa hapo, ndiye mwenye serikali."

Watu wakacheka. Hata Malachy alicheka. Haikuwa na sumu nyingi, na kutoka kwa Mossie hiyo ilikuwa karibu na salamu.

"Basi nitakwenda mwenyewe," alisema. "Angalau ndoo ya Christy naijua ilipo."

Hakuna aliyemzuia. Colm, mtoto wa pekee wa Christy, angemzuia, lakini alikuwa makaburini pamoja na wachimbaji. Philomena alikuwa sebuleni akipokea mikono ya watu.

Malachy akavaa viatu vya mpira vya Christy mlangoni, akatoka. Alichanganya mkate wa kuloweka na nyama kama alivyofundishwa utotoni, akapita banda hadi banda. Mbwa walikuwa wazima, manyoya yanang'aa, maji safi, majani makavu. Alijisikia kijana tena. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alikuwa akitazama mbwa bila kutafuta kosa, na aliwaita kwa majina ya nyumbani, akawasugua masikio yenye alama zao za wino ndani.

Alipofika mwisho akaona chakula kimebaki cha mbwa mmoja. Peg hayupo, yule jike wa mistari ya kahawia aliyeshinda fainali mjini wakati wa kiangazi. Akamwita. Akajibiwa na mkia unaopiga ubao ndani ya kibanda cha zamani cha ndama, nyuma kabisa, mlango umefungwa kwa kamba.

Harufu ilimwambia kabla ya macho. Peg alikuwa amelala kwenye majani, kifundo cha mguu wa nyuma kimevimba kama embe bivu, kimefungwa vijiti kwa vitambaa safi vilivyokatwa kwenye shuka. Mkono uliofunga ulikuwa wa mtu anayejua. Lakini ngozi chini ya kitambaa ilikuwa nyeusi na inatoa maji. Malachy aliweka ndoo chini, akapapasa kwa kidole gumba. Peg hakumng'ata. Alitetemeka tu, akamlamba kifundo cha mkono.

"Nilisema hakuna mtu kuja huku," sauti ilisema mlangoni.

Ilikuwa Colm, udongo wa kaburi hadi magotini.

"Tangu lini?" Malachy aliuliza.

"Wiki moja. Imezidi kidogo."

"Nani amemfunga?"

"Baba."

Colm akaingia, akaurudisha mlango.

"Alivunjika kule bondeni tukimkimbiza. Aliingiza mguu kwenye shimo."

"Bondeni. Nilikuandikieni msikimbize mbwa bondeni mpaka mashimo yazibwe."

"Najua ulichoandika. Mbio za Limerick zilikuwa karibu, nikamwambia Baba mara moja tu, hakuna kitakachotokea. Ni mimi, sawa? Mimi nilimwachia kamba." Colm alijifuta uso, akajipaka udongo. "Nilitaka kumwita daktari Una siku ile ile. Naapa. Nilikuwa nimeshika simu. Baba akaninyang'anya."

"Christy amkatalie mbwa daktari? Usimsingizie maiti, Colm."

"Kwa ajili yako wewe, bwana."

"Kwa ajili yangu vipi?"

"Una angeandika mguu umevunjika na wapi. Karatasi ya Una haiendi kwenu? Wewe ungekuja na ungefanya ulichomfanyia Mossie, maana wewe hujui kufanya vingine. Baba alisema, 'Malachy ameshapoteza watu wa kutosha katika parokia hii. Hatanipoteza na mimi kwa ajili ya mguu wa mbwa.' Ndivyo alivyosema, hapo ulipopiga goti. Akamfunga mwenyewe. Akidhani utaunga."

Malachy hakuondoa mkono wake kichwani kwa mbwa.

"Ulipoanza kunuka alitaka kummaliza," Colm aliendelea, sauti imepungua. "Alitoka na bunduki akarudi nayo. Kesho yake hivyo hivyo. Halafu akafa. Nitafanya mimi kesho tukishamzika. Leo siwezi. Bunduki hailii kwenye nyumba yenye maiti."

"Najua."

"Basi ngoja hadi kesho mchana. Hakuna zaidi. Mwache mama amzike mumewe bila makaratasi. Wewe ubebe jeneza, mkeo aimbe, mchana nitammaliza, na hukuona kitu. Malachy, tumelala chumba kimoja mimi na wewe."

Alitaka kungoja. Nisiseme uongo kwa niaba yake: alitaka kwa nguvu zake zote. Alimkasirikia Christy, alimkasirikia vibaya sana, mzee aliyemfundisha yeye kusikiliza mguu wa mbwa kisha akaziba masikio kwa huu mmoja kwa kumpenda yeye. Akifungua mdomo, angemlipa Christy kwa aibu na mwili wake uko sebuleni. Akinyamaza, Colm angejua kwamba Malachy Heffernan aliwahi kunyamaza. Wiki ijayo angejua Mossie, na baada ya hapo kila akiingia kwenye banda la mtu, mwenye banda angemtazama tu na kutabasamu. Upande wowote aliogeukia alikuta mtu anayempenda amesimama mlangoni.

Peg naye alinusa ile ndoo. Tangu aumie aliletewa chakula, na mwenye chakula amekuja, basi akaona ni adabu kusimama. Aliinua mwili kwa miguu mitatu, ule wa nne ukaning'inia na kugeuka upande ambao mguu haugeuki, akaanguka. Akajaribu tena, mkia ukiwa unapiga.

"Mzuie asisimame," Malachy alisema, akainuka.

"Unakwenda wapi?"

"Una yuko jikoni."

"Malachy."

"Mshike, Colm. Atajiumiza."

Daktari wa mifugo, Una Crehan, alikuwa amekaa kati ya wanawake, kikombe gotini, anacheka jambo fulani. Ilibidi Malachy avuke jikoni yote kumfikia, na viatu vya Christy vikaacha alama sakafuni. Mazungumzo yakafa moja moja.

"Una, nikuombe nje kidogo. Chukua na mkoba wako."

Una alimtazama mikono, akaweka kikombe chini bila kuuliza. Philomena alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebule na birika la chai. Malachy alingoja amwulize ni mbwa gani. Hakuuliza. Aliliweka birika mezani taratibu, akalipangusa mdomo lisidondoshe chai, na Malachy akaelewa kwamba shuka zilizokatwa zilitoka kwenye kabati lake.

"Chupa bwana," alisema Mossie, na safari hii hapakuwa na aliyecheka.

Kibandani Una alikata vitambaa, akatazama mara moja tu.

"Ningempata siku ile ningemtia chuma mguuni," alisema. "Asingekimbia tena mbio, lakini angelala mbele ya moto wa mtu miaka kumi. Hii sasa imeoza mpaka mfupani na sumu imeshaingia damuni. Pole, Colm."

Akamchoma sindano. Malachy alishika kichwa, Colm alishika mgongo, na mkia ulipiga majani kidogo kidogo mpaka ukaacha. Haikutoa sauti ambayo nyumba ya maiti ingeikataa. Kisha Una akaandika, kama alivyopaswa, na Malachy akatia sahihi yake juu ya mfuniko wa pipa la chakula, mkono wake ukiwa bado unanuka.

Philomena alimkuta kwenye mlango wa nyuma akivua vile viatu.

"Itakuwaje kwa Colm?"

"Leseni itasimamishwa. Ataitwa. Nitaandika aliyosema, kwamba alitaka kumwita daktari."

"Utaandika na aliyekataa?"

Malachy hakuweza kusema ndiyo, na hapana ilikuwa uongo. Philomena akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa.

"Ungengoja kesho, Malachy. Mbwa alikuwa ameshakufa."

"Alikuwa anasimama, Phil."

"Christy alikutaka chini ya jeneza, na sitavunja neno lake kwa hasira yangu. Utambeba. Ukishamweka chini, lango langu usilipite tena ila kwa kazi." Akachukua viatu vya mumewe, akaingia navyo ndani.

Nyumbani Assumpta alikuwa ameshajua. Simu huku hukimbia kuliko gari. Kulikuwa na mtu mwingine wa kuimba, Padri alisema kwa upole sana, familia imeona hivyo. Assumpta alikuwa amekaa mezani na karatasi ya nyimbo mbele yake.

"Ungeweza kungoja," alisema.

"Ningeweza."

Hakumgombeza, na Malachy angefurahi kama angegombezwa. Alisimama, akachukua koti la mumewe lenye madoa, akaenda kulilowesha.

Asubuhi kanisa lilijaa mpaka nje. Wakati ulipofika, msimamizi wa mazishi aliita wabebaji, Malachy akatoka kwenye benchi lake tupu akapita katikati ya macho yote ya parokia. Sisi tunabeba begani, watu wawili wawili wa kimo kimoja, na ili jeneza lisiyumbe kila mbebaji humkumbatia mwenzake mabegani, kwa nguvu, shavu karibu na shavu. Wa mbele walikuwa yeye na Colm. Colm alisita kidogo kabisa. Kisha mkono wake ukapita nyuma ya shingo ya Malachy ukashika koti, na wa Malachy ukamshika yeye, wakanyanyuka.

Kutoka kanisani hadi kaburi la Looby ni mteremko, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Christy alikuwa mtu mkubwa. Hakukuwa na namna ya kwenda ila kwa pamoja, hatua moja, bega kwa bega, na Malachy alisikia pumzi ya Colm sikioni mwake, nzito, inanuka whisky ya jana. Nyuma yao Philomena alikuwa akisali rozari na watu wakimwitikia.

Walipofika kwenye kona ya ukuta Colm alisema, bila kugeuza kichwa, kwa sauti ambayo ni Malachy tu angeisikia:

"Utakuja lini kukagua waliobaki?"

Malachy alikanyaga, akahakikisha mguu umeshika, akakanyaga tena.

"Huwa hatusemi siku, Colm."

"Hamsemi," Colm alisema.

Njia ikazidi kuteleza. Colm akakaza mkono shingoni mwa Malachy, Malachy akakaza wake, wakaendelea kuteremka na baba yao begani.